Kanisa Kuu la Mkunazini Baada ya Kutengenezwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja ana karatasi hii mkononi. Ninyi mnaosikiliza redio, fuateni maneno kwa kidole yanaposomwa. Ninyi mtakaoisoma karatasi hii baadaye, bila redio, someni polepole na kwa sauti.

Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike maneno 6 ubaoni.

Mnada: kuuza kitu kwa watu wanaoshindania bei.
Manowari: meli ya vita.
Matumbawe: mawe ya baharini ambayo watu wa pwani hujengea nyumba.
Madhabahu: mahali patakatifu ndani ya kanisa, panapofanyiwa ibada kuu.
Kukarabati: kutengeneza kitu kilichochakaa bila kukigeuza kuwa kitu kingine.
Hati: maandishi yanayotunzwa ili yawe ushahidi.

Sasa chukueni kalamu. Katika daftari zenu pigeni mstari mmoja kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, mpate safu mbili. Juu ya safu ya kwanza andikeni: YALIYO KATIKA HATI. Juu ya safu ya pili andikeni: YANAYOSIMULIWA. Mtaona faida ya mstari huu tutakapoendelea.

MAHALI PENYEWE

Leo nawachukua mpaka mjini Unguja, katika mtaa wa Mkunazini. Si mbali na soko la Darajani, ambako watu hununua samaki, ndizi na viungo. Mnaingia katika njia nyembamba baina ya nyumba za mawe, kisha mnatokea penye uwanja. Mbele yenu mnaona kanisa kubwa la mawe, lenye mnara wa saa na madirisha yaliyochongoka juu. Hilo ndilo Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana wa Zanzibar.

Kanisa hilo lilikuwa limechakaa. Likakarabatiwa, na kazi ikamalizika mwaka 2016. Mimi nilikwenda kulitazama baada ya kazi hiyo. Nilirudi na swali moja, nalo ndilo somo letu la leo: tunapokarabati jengo la zamani, tunakarabati nini? Ni mawe yake tu, au na habari zake pia?

KABLA YA KANISA

Katika karne ya 19 mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Watu waliouzwa pale walikuwa wamekamatwa bara. Wengine walitekwa vitani, wengine walivamiwa vijijini, na wengine waliuzwa kwa sababu ya deni au njaa. Wengi walitoka nchi za kando ya Ziwa Nyasa. Walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini, wakaletwa Unguja. Wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 watumwa karibu 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka. Hesabu kama hizo hutokana na habari za forodha, kwa maana kila mtumwa alitozwa ushuru kama vile mzigo wa pembe.

Je, watu hao walikwenda wapi? Baadhi yao walisafirishwa mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Lakini wengi walibaki karibu: katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na katika mashamba ya nafaka ya Malindi na Mombasa. Na tangu karne ya 18 Wafaransa nao walinunua watumwa Kilwa, wakawapeleka katika mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion.

Basi, ni nani aliyefanya biashara hii? Si kabila moja wala taifa moja. Walikuwapo wakubwa wa bara waliouza mateka. Walikuwapo viongozi wa misafara wa pwani. Walikuwapo matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha, na wenye mashamba, Waarabu na Waswahili. Walikuwapo pia wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, walionunua karafuu zilizochumwa na watumwa hao. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

MWAKA 1873

Mwezi Januari 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika kwa Sultani Barghash bin Said, kumtaka azuie biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Mwaka mmoja kabla yake, 1872, tufani kubwa ilikuwa imeng'oa mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba waliogopa kupata hasara ya pili. Lakini balozi wa Uingereza, John Kirk, alimweleza Sultani kwamba manowari za Kiingereza zingekizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani akatia sahihi mkataba. Kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa, na masoko ya watumwa yakafungwa.

Andikeni tarehe hiyo katika safu ya kwanza. Mkataba upo, unasomeka, na sahihi zake zinajulikana.

KANISA LINAJENGWA

Wamisionari wa Kiingereza wa misheni ya vyuo vikuu, walioitwa kwa kifupi UMCA, walikuwa wamefika Unguja tangu mwaka 1864. Soko lilipofungwa walipata kiwanja chake. Sehemu moja ilinunuliwa na mmisionari mmoja, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1873, jiwe la msingi likawekwa.

Mkubwa wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Alitaka jengo linaloweza kuvumilia jua na mvua za huku kwetu. Kuta zikajengwa kwa matumbawe. Paa halikuezekwa kwa mabati wala makuti. Lilifanywa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, likapindwa. Ukisimama ndani na kutazama juu, ni kama umesimama chini ya jahazi lililopinduliwa. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni. Paa zito namna hiyo, lisilo na boriti za kulishika, husukuma kuta kwa nje mchana na usiku. Kumbukeni maneno haya tutakapofika kwenye habari za nyufa.

Karibu na mlango wa magharibi mtaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere alikuwa safarini bara, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha walivyodhani ni sawa. Aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Ni kweli kwamba Steere alisafiri bara. Mwaka 1876 alikwenda na watumwa walioachwa huru mpaka Masasi, wakaanzisha makao pale. Safari hiyo iandikeni katika safu ya kwanza. Kisa cha nguzo kiandikeni katika safu ya pili.

Steere alikufa mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Kuhusu saa ya mnara, inasimuliwa kwamba ilitolewa na Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usipite urefu wa jumba lake. Safu ya pili.

NDANI YA KANISA

Sasa tuingie. Mbele ya madhabahu mtaona duara la marumaru nyeupe sakafuni. Viongozi wa wageni husema kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kupigwa viboko siku ya mnada, na kwamba rangi nyekundu iliyolizunguka duara ni ishara ya damu yao. Habari hii imepokewa na watu wengi kwa miaka mingi. Nami naiweka katika safu ya pili, kwa heshima. Kwamba soko lilikuwa hapa ni jambo la hakika. Kwamba mti ulikuwa mahali pale pale, kwa kipimo cha hatua, ni masimulizi.

Kando yake mtaona msalaba wa mti. Ulichongwa kutokana na ule mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone alipokufa mwezi Mei 1873. Watumishi wake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikausha mwili wake, wakaubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa ametolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Bara Hindi. Alijua kusoma na kuandika, naye ndiye aliyechonga jina la marehemu katika gamba la mti ule. Bila maandishi yake, pengine mti usingejulikana tena.

Hapa, ndugu wanafunzi, habari za kanisa hili zinafika mpaka kwenye madaftari yenu. Steere alipofika Unguja mwaka 1864, mtambo mdogo wa kupigia chapa ulifanya kazi katika misheni yake. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa wamisionari watoto 5 waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na baadaye wengine wengi wakafuata. Vijana wa namna hiyo walifundishwa kupanga herufi za risasi, moja moja, na kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla yao. Lakini Kiswahili cha herufi hizi mnazojifunza kilipigwa chapa na vijana ambao, kama bahati ingekuwa nyingine, wangeuzwa Mkunazini. Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi za Kiunguja. Na mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mambo hayo yote ni ya safu ya kwanza.

JINSI LILIVYOKARABATIWA

Jengo la matumbawe ni jengo zuri, lakini linataka kutunzwa. Chumvi ya bahari hula kuta, maji ya mvua huingia katika kila ufa, na mizizi ya miti midogo hupasua chokaa. Paa zito la Steere nalo liliendelea kusukuma. Kuta na paa zikapata nyufa, mvua ikavuja, na vioo vya rangi vikaharibika. Katika orodha ya mwaka 2014 ya majengo ya dunia yanayohitaji msaada, shirika la World Monuments Fund la New York lilitaja kanisa hili pamoja na uwanja wake wa soko. Umoja wa Ulaya ulisaidia kwa fedha. Dayosisi ya Zanzibar, ambayo ndiyo yenye kanisa, ikashirikiana nao, na mafundi vijana wa hapa wakafundishwa kazi wakati wa kuifanya.

Labda mwenzetu mmoja atauliza: kwa nini hawakununua saruji wakaziba nyufa, kazi ikaisha? Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji ngumu, unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na ukuta huoza huku nje unaonekana mzuri. Kwa hiyo mafundi wa majengo ya zamani hutumia chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya rundo la kuni, kisha hutiwa maji, na chokaa huachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ni kazi ya subira. Wazee wetu waliijua, na katika miji mingi imesahauliwa.

Hatari ya kuchelewa kutunza iko wazi. Jumba la Maajabu la Sultani Barghash, Beit al-Ajaib, liko mwendo mfupi tu kutoka kanisani. Kazi ya kulikarabati ilikuwa ikiendelea, lakini uchakavu ulikuwa umetangulia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, na watu 2 wakafa.

Na zile nguzo za kichwa chini, je? Zipo vile vile. Fundi anayekarabati hasahihishi kosa la fundi wa kwanza, kwa sababu kosa hilo nalo ni sehemu ya habari ya jengo.

UWANJANI

Tutoke nje. Karibu na kanisa liko shimo la mstatili lililojengewa, na ndani yake zimesimama sanamu 5 za watu, wanaume na wanawake, wamefungwa minyororo shingoni. Zilichongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, mwaka 1998. Inasemekana minyororo yenyewe ni ya zamani, si ya kuigiza. Wageni wengi hufika hapo wakiongea, kisha hunyamaza.

Jirani yake ni nyumba ya misheni iliyokuwa hospitali. Chini yake mna vyumba viwili vyenye dari ya chini na giza, na wageni huambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa kabla ya mnada. Lakini hospitali hiyo ilijengwa baada ya soko kufungwa. Ndiyo maana wako wanahistoria wanaouliza: ikiwa nyumba ilijengwa baada ya mwaka 1873, vyumba vya chini yake viliwezaje kutumika kwa soko lililokwisha kufungwa? Swali hili ni la haki. Mtu anayeliuliza hasemi kwamba watumwa hawakuteswa. Mateso yao yameandikwa katika barua, katika habari za manowari, na katika maneno ya watumwa wenyewe walioandikiwa maisha yao. Ushahidi huo unatosha. Tukiongeza usiohakikishwa, siku moja atatokea mtu aonyeshe kosa hilo moja, kisha aseme kwamba na mengine yote ni uongo.

Nilipokuwa pale penye sanamu, walikuja watoto wa shule na mwalimu wao. Mtoto mmoja wa kike alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, sisi tulikuwa wauzaji au tuliuzwa?" Mwalimu alitazama chini, asijibu. Wala mimi sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiri swali lile mara nyingi tangu siku hiyo.

Kama angeniuliza leo, ningemjibu hivi: "Mwanangu, huenda ni wote wawili." Watumwa walizaa watoto huku pwani, na watoto hao wakaoana na watoto wa mabwana. Wajukuu wao ni majirani zetu, na pengine ni sisi wenyewe. Ndiyo maana niliwaambia mshike habari ya watu wa kila namna waliofanya biashara ile. Akitokea mtu akasema kwamba kosa lote ni la kabila fulani, au la dini fulani, mwambieni akae kwanza asome.

Katika uwanja huo huo kuna nyumba ya maonyesho, iliyofunguliwa mwaka 2016 pamoja na kumalizika kwa kazi ya kanisa. Humo habari za biashara ya watumwa zimeandikwa ukutani, pamoja na picha na ramani. Anayejua kusoma anaweza kuzifuata mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kutegemea mdomo wa mtu. Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote.

UTUMWA HAUKUISHA SIKU MOJA

Kabla ya kuagana, turekebishe wazo moja ambalo watu wengi wanalo. Husemwa kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1873. Sivyo. Mwaka ule kilichofungwa ni soko na njia ya bahari. Waliokuwa watumwa mashambani walibaki watumwa. Majahazi yaliendelea kuwapitisha wengine kwa siri, na manowari ziliendelea kuyafukuza. Amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na hata hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, masuria hawakuwamo. Hao waliingizwa katika sheria mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulikatazwa kwa sheria mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Huenda wazee waliowalea wazazi wenu walizaliwa kabla ya miaka hiyo.

Lakini wako waliosimama mapema. Cecil Majaliwa, Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akaachwa huru, akasomeshwa na misheni hapa Unguja. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika dayosisi hii, kisha akafanya kazi bara, katika nchi ya kusini alikotoka.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tunapokarabati jengo la zamani, tunakarabati nini? Jibu langu ni hili. Mawe tuyatengeneze na kuyaacha na makosa yake, kama zile nguzo. Lakini habari zake tusiziache na makosa. Kila mara tuzipime, tuzisahihishe, tutenganishe kilichoandikwa na kinachosimuliwa. Kazi ya kwanza ni ya waashi. Kazi ya pili ni ya kila mtu anayejua kusoma, nanyi sasa mmo katika hesabu hiyo.

MASWALI

1. Kwa nini watumwa wengi walibaki Unguja, Pemba na pwani?
2. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulikataza nini? Haukukataza nini?
3. Kwa nini mafundi wa majengo ya matumbawe hutumia chokaa badala ya saruji?
4. Tazameni safu zenu mbili. Ni habari gani mliyodhani ni ya safu ya kwanza, mkaona ni ya pili?
5. Kama mngekuwa mwalimu wa mtoto yule, mngemjibu nini? Zungumzeni darasani.

KAZI YA NYUMBANI

Chagueni jengo moja la zamani karibu na kwenu: msikiti, kanisa, boma, au nyumba ya mawe. Mwulizeni mzee mmoja habari zake, kisha tafuteni tarehe au maandishi yoyote yaliyomo ukutani. Andikeni katika safu mbili, kama tulivyofanya leo, mlete darasani.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.